Je, Kumsaidia Jirani Darasani ni Wizi?



Liko neno moja ambalo sisi walimu tumelitumia miaka mingi bila kulichunguza. Mtoto akichungulia daftari la mwenzake, twasema "ameibia." Yule aliyechunguliwa, ikiwa alikubali, twamhesabu kuwa mshiriki wa mwizi, na wote wawili huadhibiwa. Mwaka huu tulipata nafasi ya kulitazama upya neno hilo, na tumeona vema kuwashirikisha, maana swali lililomo ndani yake si la shuleni peke yake.

Ilikuwa hivi. Mwalimu wa darasa la kwanza katika shule moja ya msingi wilayani Bunda alifiwa, naye mwalimu mkuu akatuomba sisi tuliostaafu tumshikie darasa lake kwa wiki moja. Watoto walipita 90. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 wazazi wengi wameitikia, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini katika shule hiyo madawati hayakuongezeka kwa kasi hiyo hiyo, na kila dawati lilibeba watoto wanne waliobanana.

Jumatatu tulifanya hesabu za kujumlisha kwa vizibo vya soda. Msichana mmoja wa dawati la tatu alimaliza upesi. Jirani yake, mvulana aliyetoka mwaloni kwa wavuvi, hakuwa ameandika kitu. Nyumbani kwao husemwa Kijita, na neno "jumlisha" lilikuwa limempita kama upepo. Msichana akamwinamia, akamnong'oneza kwa Kijita, huku akisogeza vizibo vitatu kuelekea vingine viwili. Midomo yetu ilikuwa imekwisha kufunguka kusema, "Wewe, usimwonyeshe!" Tukanyamaza, kwa sababu tulikumbuka jambo la zamani.

Miaka ya 1980, tulipokuwa tumetoka chuo cha ualimu na bidii nyingi na fimbo mkononi, tulimkuta mvulana wa darasa la tatu akimweleza mwenzake namna ya kutoa kwa kukopa. Hakuwa akimtajia jibu. Alikuwa akimwonyesha njia. Tuliwachapa wote wawili. Tangu siku ile hadi mwisho wa mwaka mvulana yule aliandika huku amefunika daftari lake kwa mkono wa kushoto, nasi tukamsifu mbele ya darasa kwamba ndiye mwanafunzi mwaminifu. Kumbe tulikuwa tumemfundisha somo lisilokuwamo katika muhtasari wowote: kwamba anachokijua ni mali ya kufichwa.

Basi Jumanne tukatangaza kwamba kila aliyemaliza amsaidie jirani yake. Watoto walifurahi mno. Lakini tulipokusanya madaftari kabla ya mapumziko tuliona ajabu: dawati zima limeandika kwamba sita na tatu ni nane. Wepesi walikuwa wamewapa wenzao madaftari yao, na wenzao wakanakili, makosa kwa usahihi. Hapo tuliona kwamba walimu wa zamani hawakuwa wajinga walipotumia neno "kuibia." Kuna kitu kinachoibwa kweli. Lakini kinaibwa kwa nani?

Tufikiri pamoja. Mtu akiniibia jembe, mimi sina jembe tena. Lakini mtoto akilijua jibu langu, mimi bado ninalo. Maarifa ni kama moto wa jirani, ukiomba kaa moja jiko lake halizimiki. Kwa hiyo aliyechunguliwa hakuibiwa. Aliyeibiwa ni yule aliyenakili. Amepewa alama na kunyang'anywa kujua. Ndiyo maana tunasema kwamba kumpa mwenzako jibu tupu ni kumnyima, ingawa linatoka katika mkono wenye huruma.

Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, anatuagiza katika mstari wa pili tusaidiane kubeba mizigo yetu. Halafu, katika mstari wa tano, anasema kila mtu ataubeba wa kwake. Wengi wamejiuliza kama Mtume amejipinga mwenyewe. Sisi tulipata mwanga kidogo kutoka dawati la tatu. Upo mzigo wa kutoielewa lugha, wa woga, wa kukaa na njaa: huo tuubebe pamoja. Na upo mzigo wa kuelewa, ambao hakuna awezaye kumwelewea mwenzake. Aliye jirani mwema husaidia katika ule wa kwanza ili mwenzake aweze kuubeba huu wa pili.

Basi Jumatano tuliweka sheria moja tu: ruhusa kusema, ruhusa kusogeza vizibo, lakini penseli ya mwenzako usiishike na jibu usilitaje. Kelele zilikuwa nyingi hata mwalimu wa chumba cha pili akachungulia dirishani. Hata hivyo kazi iliendelea.

Alhamisi asubuhi alikuja mama wa yule msichana. Alitusalimu kwa adabu, "Shikamoo mwalimu," tukaitikia. Akasema, "Nimemleta mwanangu hapa asome, sikumleta afundishe. Mbona akifika nyumbani ananiambia kazi yake ni kumfundisha mtoto wa watu?" Tulimjibu kwa maneno mazuri, lakini usiku hatukulala vema, kwa kuwa mama yule alikuwa na haki ya kuuliza.

Historia ya Kanisa letu wenyewe inamuunga mkono. Kasisi mmoja wa Kanisa la Uingereza, Andrew Bell, alipokuwa Madras huko India mwishoni mwa karne ya 18, aliwaweka watoto waliotangulia kidogo wawafundishe wenzao. Alichapisha habari za jaribio hilo mwaka 1797, na chama kilichoundwa mwaka 1811 kikalieneza katika shule za Kanisa huko Uingereza. Wengi wakajua kusoma. Lakini sababu moja ya kupendwa kwake ilikuwa unafuu wa gharama: mwalimu mmoja aliweza kusimamia mamia. Hapo ndipo ulipo mtego. Wema wa mtoto ukigeuzwa kuwa njia ya kukwepa kuajiri mwalimu, basi mwizi yupo, naye si mtoto.

Na mkoa wetu una ushuhuda wake. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 alilaumu elimu ya kikoloni kwa kukuza tamaa ya mtu binafsi badala ya moyo wa ushirikiano. Kisha Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma, iliazimia kwamba watoto wote wa umri wa shule wawe madarasani ifikapo mwaka 1977, badala ya kungoja mwaka 1989 kama ilivyopangwa kwanza. Walimu hawakutosha; vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha huku wenyewe wakijifunza ualimu. Taifa zima lilifanya kama msichana yule: anayejua kidogo amwinamie asiyejua. Watu bado wanabishana juu ya ubora wa elimu ile. Lakini wapo wazee kati yetu wanaosoma Biblia leo kwa sababu hawakungojeshwa.

Ijumaa ilikuwa siku ya kusoma. Msichana yule alisimama akausoma ukurasa wote bila kusita, nasi tukampigia makofi. Alipoketi, mvulana wa mwaloni akaweka kidole juu ya neno moja katikati ya ukurasa, akamwuliza, "Hili nini?" Msichana akanyamaza. Akaanza tena kutoka juu, akitamka kimoyomoyo, mpaka akalifikia. Kumbe alikuwa ameukariri ukurasa! Sisi wenye vyeti hatukumgundua. Aliyemgundua ni mtoto asiyejua. Wakaanza wote wawili kulikata neno lile silabi kwa silabi. Baadaye tulipomwita mvulana peke yake, bila jirani, alipata hesabu mbili kati ya tano. Si nyingi. Lakini Jumatatu alikuwa hana hata moja, na hizo mbili zilikuwa zake.

Tulipomsimulia mama yule habari za ukurasa, alicheka, akasema, "Basi huyo mtoto wa watu naye ni mwalimu." Lakini tusijifurahishe upesi. Je, kama msichana asingepata faida yoyote, angekuwa bado na wajibu? Twaamini ndiyo, kwa kiasi. Wepesi wake hakuununua. Alipewa, kama sisi sote tulivyopewa tulivyo navyo. Kiasi hicho kina mpaka: asitwishwe kazi yetu watu wazima.

Kwa hiyo tunao ushauri kwa pande tatu. Walimu wenzetu, siku ya mtihani kila mtoto akae peke yake, na hiyo ni haki. Lakini siku nyingine zote tusiwafundishe kufunika madaftari. Wazazi, tusiwaulize watoto tu, "Umekuwa wa ngapi?" Tuwaulize pia, "Umekaa na nani, naye ameelewa?" Na sisi Wakristo wa mtaa huu, tujiulize kama watoto 90 ni mzigo wa mwalimu mmoja. Wako wastaafu kati yetu wenye afya na asubuhi zisizo na kazi. Wako mafundi seremala.

Mvulana yule aliyefunika daftari lake sasa ni mtu mzima, ikiwa yu hai. Hatujui aliko. Tungempata tungemwomba radhi. Kwa kuwa hatuwezi, tunaandika haya, tukimwomba Mungu atuondolee sisi kwanza mkono tulioweka juu ya tulivyopewa.