Je, Ni Halali Kwenda Kutazama Bahari Wakati Nyumbani Wanahitaji?



Swali hili limekuwa likizunguka kwenye jumuiya zetu tangu turudi safari mwezi wa pili, na kwa kuwa linatuhusu sisi wawili, tumeombwa tuliandikie. Mume na mke wanaofanya kazi hapa Marekani, wenye wazazi, wadogo na wapwa nyumbani, je, wana haki ya kutumia akiba yao kwenda nchi nyingine kutazama bahari na wanyama kwa siku sita? Hakuna msiba, hakuna harusi, hakuna mkutano wa injili. Ni kutazama tu.

Tulikwenda Costa Rica, pwani ya Pasifiki, kwenye hifadhi ya Manuel Antonio. Njiani watu husimama kwenye daraja la mto Tárcoles kuangalia mamba waliolala kwenye tope, nasi tukasimama. Hifadhini msitu unashuka mpaka kwenye mchanga, na tumbili wenye uso mweupe wanapita juu ya vichwa vya watu wanaoogelea. Picha mliziona. Tulizituma siku ileile kwenye kundi la ukoo pia, maana kwetu safari ya kuficha ina kasoro kabla ndege haijaruka. Wengi walifurahi. Ndugu mmoja akaandika maneno matatu: "Kumbe hela zipo."

Maneno hayo tusiyapuuze kwa kusema ni wivu. Nyuma yake yupo mtoto anayedaiwa ada na mzee anayehitaji dawa za presha, na dola iliyolipa chumba chetu ingeweza kweli kulipa dawa hizo. Kumjibu mtu kwamba "ni jasho langu" si jibu. Ada ya chuo cha uuguzi ya mmoja wetu ilitoka kwenye kahawa ya mjomba. Karibu kila mmoja anayesoma ukurasa huu alichangiwa na mtu fulani, iwe ada, nauli au malezi ya watoto aliowaacha. Jasho letu lina wenyewe wengi.

Wanaotutetea hukimbilia Yohana 12, pale Mariamu alipompaka Yesu marhamu ya thamani ya dinari 300, karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua, na Yuda akauliza kwa nini isiuzwe wapewe maskini. Tunawashukuru, lakini hoja hiyo hatuitaki. Mariamu alimimina marhamu yake juu ya Bwana. Anayejipaka mwenyewe asijifiche nyuma ya Mariamu.

Sisi tumeegemea mahali pengine. Amri ya Sabato katika Kutoka 20 haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumishi, inamtaja mnyama, na inamtaja mgeni anayeishi katika mji wa watu. Mgeni huyo ndiye sisi. Tunajua namna tunavyoishi hapa: zamu ya usiku, kisha zamu ya ziada kwa sababu kuna mchango, kisha simu saa tisa alfajiri kwa sababu kule ni mchana. Hesabu za kila kitu tunazifanya kwa saa za kazi. Viatu vya mtoto ni saa tatu, jeneza la shangazi ni zamu nne. Mtu akiishi hivyo miaka kumi na miwili hata upendo huanza kumjia kama bili, na hapo anayeumia si yeye peke yake. Ndugu wanaendelea kupokea pesa, lakini aliyekuwa akiwapenda anafifia.

Halafu kuna kitabu cha Ayubu. Mtu amepoteza watoto, mali na afya, anadai jibu, na sura ya 38 mpaka ya 41 Mungu anamwonyesha wanyama: punda-mwitu, mbuni, mbuzi wa milimani, mvua inayonyesha mahali asipoishi mtu. Karibu wote ni viumbe wasio na faida yoyote kwa Ayubu, na wala hawamngojei yeye awalishe. Kwa muda mrefu tuliliona jibu hilo kama la kukwepa.

Kule msituni tulimwona mnyama aitwaye slothi. Wenyeji, kwa Kihispania, humwita perezoso, yaani mvivu. Ananing'inia mtini, manyoya yake yameota mwani mpaka yana ukijani, na wale wenye vidole vitatu hushuka chini kama mara moja kwa wiki kwenda haja. Angekuwa mgonjwa wodini tungekwisha kumwita daktari. Tulimtazama karibu saa nzima. Hakuwa na shida na sisi. Kumlisha au kumgusa hairuhusiwi, na mlangoni wanakagua mifuko ili chakula kisiingie. Kwa watu ambao tangu asubuhi hadi usiku kila sauti inayowaita inahitaji kitu, kusimama mbele ya kiumbe cha Mungu kisichotuhitaji kwa lolote kulikuwa pumziko ambalo usingizi haukuwahi kutupa.

Wapo wanaouliza kwa nini basi tusiende nyumbani, kwani Mafia na Watamu hakuna kasa, na Jozani hakuna kima punju? Wapo. Ila tuseme ukweli: kwenda nyumbani ni jambo jema lakini si likizo. Ni masanduku ya zawadi, ni kupita nyumba kwa nyumba, na gharama yake kwa familia nzima ni mara kadhaa ya safari hii. Tena wangapi kati yetu tuliwahi kumwona kima punju? Tulikua tukidhani mambo hayo ni ya Wazungu. Manuel Antonio yenyewe ilitangazwa hifadhi mwaka 1972 baada ya wenyeji kupinga wageni walionunua ardhi na kuwafungia njia ya ufukweni, na sheria ya Costa Rica ya mwaka 1977 inafanya mita 50 za kwanza kutoka maji yanapofika kuwa za watu wote. Tuliona familia za kawaida zimekuja na mabirika na bibi zao, wamekaa kivulini.

Hatusemi kila safari ni halali. Yetu haikulipwa kwa mkopo, na kiasi tunachotuma kila mwezi hakikupungua. Kingepungua, tungekaa. Wengine watauweka mpaka mahali pengine, na tusihukumiane kwa picha.

Yule ndugu tumempigia simu, tumezungumza, na ada tutaichangia kama tulivyoahidi kabla ya safari. Mama yetu wa Dodoma yeye aliuliza kuhusu slothi tu: anaumwa? Ana miaka 74 na hajawahi kuiona bahari. Siku hizi treni ya umeme inafika Dar es Salaam, na tumeanza kuulizia nani atampeleka.