Huruma ya Mwaka wa Kumi

Kwetu sungura wa kufugwa ni kitoweo. Basi tukisikia ya kuwa huko Marekani watu huwatafutia sungura makao, twacheka. Lakini tutazame sababu.

Kule, wakati wa Pasaka, wazazi wengine huwanunulia watoto sungura mchanga. Sungura akitunzwa vema aweza kuishi miaka 8 hata 12. Furaha ya mtoto huisha upesi. Ndipo wengine humwacha porini, wakisema: «Tumempa uhuru.» Kumbe wamempa mauti, maana aliyezaliwa kizimbani hajui kujiokoa na mbwa.

Mwaka 1988 shirika House Rabbit Society lilianzishwa California. Huwapokea sungura waliotupwa, huwahasi wasizaane ovyo, kisha huwatafutia nyumba. Lakini hawampi kila aombaye. Humhoji kwanza, wapate kujua kama ataweza kumtunza sungura siku zote.

Mtu atauliza: «Na maskini je?» Swali hilo ni haki. Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha ya kuwa haifai kuwatolea wanyama fedha ipasayo kwanza kuwaondolea watu taabu. Tena yafundisha ya kuwa kuwatesa wanyama bure ni kinyume cha heshima ya mtu. Kumla sungura si dhambi. Kumfanya mchezo, kisha kumtupa, ni ubaya.

Na ikiwa sungura huulizwa habari za kesho yake, je, si zaidi yatima wa ndugu zetu? Siku ya matanga twasema mbele ya watu: «Mtoto huyu ni wangu.» Mungu atatuuliza habari za mwaka wa kumi.