Tiba ya Uraibu Katika Nchi ya Miraa na Muguka

Uraibu, yaani hali ya mtu kuendelea kutumia kileo hata baada ya kuona wazi kwamba kinamharibia mwili, kazi na nyumba, ni ugonjwa ambao familia nyingi za Meru na Embu, nchini Kenya, huutambua mapema na kuutafutia tiba kwa kuchelewa sana. Sababu mojawapo ni aibu, ambayo haina kwao maalumu. Nyingine ni ya wenyeji hasa. Kuanzia Maua hadi Kangeta na Laare, miti ya miraa, ile ya kale ikiitwa mbaine, ndiyo iliyojenga nyumba na kulipa karo, na huko Mbeere muguka, ambao ni mmea wa jamii hiyohiyo ila hutafunwa majani, umefanya kazi iyo hiyo katika ardhi ambayo mvua yake haiaminiki. Tangu Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na kaunti za pwani zilipotoa amri dhidi ya muguka Mei 2024, mkulima husikia kila neno kuhusu madhara kama njama ya kumfungia soko. Kijana anayekosa usingizi kwa sababu ya zao lililomsomesha atamwanzia baba yake wapi?

Hata hivyo, ni nadra mgonjwa kufika kwa daktari akiwa na kileo kimoja tu. Miraa ina kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huchangamsha ubongo na kupoteza nguvu zake katika muda wa siku mbili hivi baada ya kuchumwa, na ndiyo maana magari yanayoibeba hukimbizwa kana kwamba yanafukuzwa. Mtafunaji aliyepata handas, yaani ule msisimko wa maneno mengi na macho makavu, hawezi kulala, kwa hiyo jioni hutafuta pombe ya kumshusha, na asubuhi hutafuta majani ya kumwamsha. Familia inayompeleka hospitali kwa kawaida hutaja pombe pekee, kwa kuwa pombe ndiyo inayowafedhehesha. Daktari asiyeambiwa habari za majani, sigara na vidonge vya usingizi hutibu nusu ya mgonjwa.

Upande wa pombe una historia yake ya kutisha. Mei 2014 Embu ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizozika watu kwa pombe yenye methanoli, aina ya spiriti ya viwandani ambayo ini huigeuza kuwa asidi inayoua mishipa ya macho kabla ya kumwua mtu mwenyewe, na Februari 2024 msiba wa namna hiyo ukaangukia Kirinyaga, kaunti jirani. Kila baada ya vifo hivyo hufuata msako, mitungi humwagwa na mabaa hufungwa, jambo ambalo hakuna wa kulilaumu; lakini mnywaji wa kila siku aliyekatiwa pombe ghafla huwa katika hatari ambayo matangazo ya msako hayaitaji kamwe.

Hatari hiyo ndiyo huamua siku za kwanza za tiba zinavyopangwa. Mwili uliozoea pombe huanza kudai kwa kutetemeka, kutokwa na jasho na kutapika saa chache baada ya kinywaji cha mwisho, na ndiyo sababu walevi wa mitaani huamkia kile wanachokiita kutoa loki, yaani kunywa asubuhi ili mwili utulie. Katika siku mbili za kwanza huweza kuja degedege, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne wachache hupatwa na payo, yaani kuchanganyikiwa kukali ambako mgonjwa huona wadudu ukutani na kuzungumza na watu wasiokuwapo. Hali hii huua. Kwa hiyo kipindi cha kusafisha mwili hufaa kifanyike penye daktari, iwe Embu Level 5 au hospitali ya rufaa ya Meru, ambapo mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 ya kuukinga ubongo uliodhoofishwa na pombe na lishe duni. Muuguzi humwambia anyooshe mikono mbele, vidole vimetanuliwa, na kwa kuvitazama tu hujua kama dozi ya jana ilitosha. Kumfungia mtu wa aina hii katika chumba cha maombi bila dawa, hata kwa nia njema kabisa, ni kuhatarisha uhai wake. Anayeacha miraa hukabiliwa na mambo mengine: usingizi mzito, ndoto mbaya, hasira na huzuni ambayo huenda ikahitaji kuangaliwa kwa karibu, ingawa mwili wake hautikisiki kiasi hicho.

Baada ya hapo ndipo huja kituo cha urekebishaji. Mgeni akifika, begi lake hupekuliwa mpaka chupa ya manukato, kwa kuwa nayo ina spiriti, na simu hubaki ofisini. Siku hugawanywa kwa kengele, na sehemu yake kubwa hupita katika mazungumzo, ana kwa ana na mshauri nasaha au katika kikundi. Vituo vingi hufuata hatua 12 za chama kilichoanzishwa na walevi wawili huko Akron, Marekani, mwaka 1935, ambazo huanza kwa mtu kukiri kwamba pombe imemshinda. Kwa mwanamume aliyelelewa kuamini kwamba aliyetoka jandoni halii mbele ya wageni, mduara huo wa viti ni mgumu kuliko kutetemeka kwa wiki ya kwanza, na wengi hukaa kimya muda mrefu kabla ya kusema neno la kweli. Siku 90 ambazo vituo vya Kenya huzitaja ni desturi zaidi kuliko kipimo cha kitabibu. Wapo wanaohitaji muda mrefu zaidi, na wapo wanaotosheka na kliniki ya kutwa.

Familia ina haki ya kuuliza kabla ya kulipa: je, kituo kimeidhinishwa na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya, ambayo hupokea simu bila malipo kwa nambari 1192, daktari huja lini, gharama inajumuisha nini? Kituo kinachotuma vijana kumkamata mtu usiku na kumfunga kamba kimeshajieleza. Vilevile, mke hapaswi kusaga disulfiramu, kidonge kinachomfanya mtu atapike na moyo kumwenda mbio akinywa pombe, na kuitia chakulani kwa siri, kwani asiyejua ameimeza hunywa kama kawaida na anaweza kufa.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni la kumpeleka mgonjwa kituoni kama gari gereji, kisha kungoja arudishwe ametengenezwa. Kurudia kileo ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, na kwa mtu wa Igembe huko Meru au Kiritiri huko Mbeere kishawishi kimepandwa nyuma ya jiko. Kumshauri aondoke kwao, kama washauri wa mijini wafanyavyo, ni rahisi kusema kwa asiye na shamba la kuacha. Inafaa zaidi kikao cha familia, pamoja na mzee anayeheshimiwa, kifanyike kituoni kabla siku ya kutoka haijafika, ili iamuliwe ni ndugu yupi atakayesimamia uchumaji, fedha za mauzo zitapitia mkononi mwa nani, marafiki wa kijiweni wataambiwa nini, na kliniki itahudhuriwa siku ipi ya juma, huku mgonjwa mwenyewe akiwa wa kwanza kusema yale anayojua hatayaweza.