Je, Rangi ya Majani Ina Fadhila kwa Nafsi Yake?

Ametuuliza ndugu mmoja wa Bagamoyo mas'ala ambayo huenda msomaji akayaona madogo. Msikiti wa mtaani kwao ulikuwa wapakwa rangi upya. Wengine walitaka nyeupe ya chokaa kama walivyoikuta kwa wazee wao. Wengine walitaka kijani, wakasema ndiyo rangi ya Uislamu, na mwenye kuikataa ana lake moyoni. Maneno yalizidi, hata watu wawili waliosimama safu moja miaka mingi wakaacha kuamkiana. Basi auliza: rangi hii ina fadhila gani, hata iwatenge Waislamu?

Twajibu. Hapana shaka kijani imetajwa kwa wema. Katika Suratul Kahf na Suratul Insan zimetajwa nguo za hariri ya kijani za watu wa Peponi, na katika Suratur Rahman matakia yao ya kijani. Mtume (s.a.w.) alionekana amevaa nguo mbili za kijani, kama alivyopokea Abu Rimtha. Lakini Mtume huyo huyo alituhimiza nguo nyeupe, kwa walio hai na kwa sanda za maiti, na siku ya kufunguliwa Makka aliingia na kilemba cheusi. Asemaye kwamba dini ina rangi moja tu, hizi nyingine atazipeleka wapi?

Watu huleta hoja ya kuba la Madina. Kuba hilo lilijengwa mwaka 1279, zama za Sultani Qalawun wa Misri, wala halikuwa la kijani. Lilipakwa kijani mwaka 1837, zama za Sultani Mahmud wa Pili wa Uturuki. Masharifu nao waliamriwa kutia alama ya kijani katika vilemba na Sultani Shaaban wa Misri, mwaka 773 wa Hijra, ili wajulikane. Imamu Suyuti alipoulizwa juu ya alama hiyo alijibu kwamba haina asili katika sharia. Atakaye asikatazwe, na asiyetaka asiamrishwe. Twaona jibu hilo lautosha na ukuta wa msikiti.

Wala hatumcheki mtu aipendaye kijani kwa kumpenda Mtume. Mji wa Bagamoyo ni mji wa maulidi na ziara, na bendera za kijani si ngeni machoni petu. Lakini mkumbukeni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Aliletwa pwani mtoto, mtumwa kutoka Manyema, akasoma hata masharifu na waungwana wakaketi mbele yake. Rangi ya nguo gani ilimpandisha pale?

Na tuitazame lugha yetu. Mswahili ana neno la asili kwa weupe, kwa weusi na kwa wekundu. Kwa kijani hana: husema rangi ya majani, au chanikiwiti kama walivyosema wazee. Jina ameliazima kwa kitu kiotacho. Kwa Waarabu nako, Khidhr aliitwa hivyo, kama ilivyopokewa, kwa kuwa aliketi juu ya ardhi tupu, kavu, nayo ikatikisika nyuma yake ikawa kijani. Na Mtume alipopita kwenye makaburi mawili ambayo wenyewe wakiadhibiwa, alitwaa kuti bichi la mtende, akalipasua mapande mawili, akachomeka moja katika kila kaburi, akataraji wapunguziwe adhabu maadamu hayajakauka. Zingatia, ndugu yangu: hakutandika kitambaa. Alichomeka kitu kibichi, na muda alioutaja ni muda wa ubichi wake.

Basi shika njia ya Kaole, kiasi cha maili tatu kutoka mjini. Pale pana magofu ya misikiti miwili, mmoja unahesabiwa wa karne ya 13, na makaburi ya nguzo yenye vishimo vilivyopachikwa bakuli za Kichina. Maiti wale hawana kitambaa wala rangi juu yao. Lakini upande wa bahari ipo mikoko, na michu, na mikandaa, mizizi imeshika tope, vifaranga vya samaki na kamba vikikulia chini yake, na mawimbi yakipunguzwa nguvu kabla ya kufika nchi kavu. Miti hiyo ndiyo iliyotupa boriti. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali zaidi. Ndiyo iliyopakiwa majahazini kwenda Arabuni, kwenye nchi zisizo na miti. Leo hukatwa kwa kuni, kwa makaa, na kwa kupisha mashamba ya chumvi. Na wenzetu wa chokaa wasijione wamesalimika: chokaa ni matumbawe yaliyochomwa, na tanuu haliwaki bila kuni.

Hatumlaumu mkata kuni mwenye watoto. Haja yake twaijua. Lawama ni kwa akataye pasi kubakisha chipukizi, na kwa sisi tununuao bila kuuliza, kisha tukagombana kwa ajili ya rangi ya kopo.

Tulimjibu ndugu yetu: ukuta upakeni rangi yoyote mtakayoafikiana, hapana dhambi, dhambi ni kutoamkiana. Na kama mwataka thawabu katika kijani, tunda la mkoko huota lingali mtini, refu kama kijiti. Huchomekwa topeni maji yakupwapo, basi. Mtume ametuhimiza kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza aupande.

Baadaye ametuarifu kuwa ukuta umepakwa nyeupe na milango kijani. Wale wawili wameamkiana, na baada ya sala ya alfajiri wamekwenda topeni pamoja mara mbili, ingawa mmoja wao angali akisema kwamba kilichoupendeza msikiti ni ile milango.