Hisia hazibishi hodi

Wasiwasi wa mwenzako huingia moyoni mwako kabla hujaujua. Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi 3 walishikwa na kicheko kilichochanganyika na kilio. Kufikia Machi walioshikwa walikuwa 95 kati ya 159, na shule ikafungwa. Wapo wanaosema yalikuwa maigizo, lakini nani huigiza kwa saa nyingi, machozi yakimtoka? Madaktari hawakupata sumu wala kijidudu, na walimu hawakupatwa: kilichosambaa ni dhiki ya wasichana wenyewe, kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Mwalimu, mzazi, ukiona kundi limeshikwa hivyo, usikemee. Uliza kwanza kinachowasumbua.