Milki ya Simu na Mamlaka ya Ruti

Swali la nani hasa ni mwenye kitu, ambalo wanafalsafa na mafakihi wamelijadili kwa karne nyingi wakifikiria mashamba, nyumba na mifugo, leo linajitokeza kwa sura mpya katika maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey na wa Msimbazi, Kariakoo, Dar es Salaam, ambako mtu hulipa fedha taslimu, hupewa risiti na boksi, na kuondoka akiamini kwamba kila kilichomo ndani ya simu ni chake. Risiti inamuunga mkono. Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziendesha programu nyingine zote, haumtambui hivyo.

Android, ambayo ndiyo mfumo wa simu nyingi za Tecno, Infinix, itel na Samsung zinazouzwa mitaani humo, imejengwa juu ya Linux, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 kwa kufuata desturi za Unix, mfumo uliozaliwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969. Katika desturi hizo kila mtumiaji wa mashine ana namba yake, na mwenye namba 0, aitwaye ruti, hazuiwi na chochote: husoma faili lolote, hufuta lolote, hubadili lolote. Android huipa kila programu inayosakinishwa namba yake, kuanzia 10000 kwenda juu, na kuiwekea mipaka ili isichungulie mambo ya programu nyingine. Namba 0 ipo na inafanya kazi tangu simu inapowashwa, ila mnunuzi hakabidhiwi. Kuruti simu, basi, ni kuyatwaa mamlaka hayo ya namba 0 na kuyatia mikononi mwa mwenye simu.

Njia ya kuyafikia kwa kawaida hupitia butiloda, programu ndogo inayotangulia kuamka simu inapowashwa, ambayo kazi yake ni kukagua saini ya kidijiti ya mtengenezaji kabla ya kuuruhusu mfumo uendelee. Kuifungua butiloda ni kuiachisha ukaguzi huo, na hatua hiyo hufuta picha, namba na ujumbe wote kwa makusudi, ili mwizi asiutumie mlango huohuo kuzifikia siri za aliyemwibia. Kisha fundi huflashi simu, yaani huandika upya sehemu za kumbukumbu yake kwa kompyuta na waya wa USB, mara nyingi akitumia Magisk, programu iliyotolewa na John Wu mwaka 2016. Akiandika faili lisilolingana na modeli, simu inaweza kufa, isiwake tena.

Katika simu nyingi zenye chipu za MediaTek, kila zinapowashwa baada ya butiloda kufunguliwa, hutokea kwanza maandishi madogo juu ya kioo cheusi yanayosema kwamba kifaa hakiaminiki tena na kwamba kitawaka baada ya sekunde 5. Maneno hayo yanastahili kutafakariwa, kwa kuwa hayasemi ni nani aliyeacha kuamini. Mwenye simu huenda anaiamini kuliko awali, maana sasa anaweza kuona kinachotendeka ndani yake. Imani iliyovunjika ni ya mtengenezaji, na pamoja naye benki, ambazo programu zao nyingi hukataa kufunguka katika simu iliyorutiwa. Benki ina haki hiyo, kwani fedha za wateja ni amana mikononi mwake, na aliyeshika amana huchagua mlango wa kuipitishia.

Mafakihi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi ambayo Waislamu wengi wa pwani huyafuata, hutofautisha milki ya raqaba, yaani ya kitu chenyewe, na milki ya manfaa, yaani ya kukitumia tu, kama alivyo mpangaji katika nyumba ya mwingine. Milki kamili hukusanya zote mbili. Makampuni hujibu kwamba kilichouzwa ni chombo tu, na kwamba programu zimetolewa kwa leseni. Hoja hiyo ina uzito kwa baadhi ya programu, lakini kwa kiini chenyewe ni dhaifu, kwa sababu Linux hutolewa chini ya leseni ya GPL, ambayo inampa kila anayeipokea haki ya kuibadili. Uwezo wa kumzuia mtu hauwi haki ya kumzuia kwa sababu tu umetangulizwa kiwandani. Aliyemaliza kulipa ana haki ya kuruti.

Aliyechukua simu ya mkopo yuko katika hali nyingine kabisa. Kufuli la mbali analowekewa, linaloizima simu akichelewesha malipo, linaweza kuwa kali, hata la kuumiza kwa mchuuzi anayetegemea simu hiyo kupokea pesa za wateja, lakini alilikubali kama sharti, na kulivunja kabla ya deni kwisha ni kuvunja ahadi. Tofauti zaidi ni kubadili IMEI, namba inayotambulisha kila simu mtandaoni, ambayo mtu huiona kwa kubonyeza *#06#. Namba hiyo ni ya jamii nzima kuliko ya mtu mmoja. Ndiyo iliyotumiwa Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia nchini, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kuichezea. Ruti humpa mtu uwezo wa kugusa mengi, na hapo lazima ajizuie mwenyewe.

Mamlaka yakihamia kwa mwenye simu, dhamana nayo humfuata. Anayeiuza baadaye kama simu ya mtumba anawajibika kueleza kwamba imerutiwa, kwa kuwa kasoro iliyofichwa humpa mnunuzi, kifiqhi, hiari ya kuirudisha. Fundi naye, anayeshika simu pamoja na nywila yake, ameshika siri za nyumba ya mtu. Kabla ya kumkabidhi, mwenye simu na aulize waziwazi ni kipi kitafunguliwa, ni nini kitafutika, na ni nani atakayelipa simu ikifa mezani.