Rafiki wa Kazi
Wako watu watafutao marafiki kazini kama mtu atafutavyo ngazi: akiisha kupanda, aisahau. Mwenye cheo akiachishwa kazi, hata salamu hawampi.

Yapata mwaka 50 Mtakatifu Paulo alifika Korinto, akawakuta Akwila na mkewe Priskila, Wayahudi waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Ufundi wao ulikuwa mmoja, kushona mahema. Basi akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Wageni wale hawakuwa na cheo cha kumgawia. Hata hivyo, ndio waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake.

Ndugu wasomaji, tukutanapo na mwenzetu wa kazi, tusiulize kwanza atatufaa nini, bali sisi tutamfaa nini. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.